Bomba Langu la Chemchemi

Niliporudi Butembo na diploma yangu ya ufugaji wa samaki, sikuwa na mjomba ofisini wala baba mwenye duka. Nilijisomesha kwa kufyatua matofali ng'ambo ya mpaka, na wengi walioanza nami hawakumaliza. Nasema hivi bila aibu. Shule moja ya Bulengera ikanipokea niwafundishe wanafunzi habari za kijito kinachopita chini ya uwanja wao: kina viumbe gani, na nini kinakichafua. Nikasema hawatakijua kwa chaki tu. Tuchimbe bwawa, tufuge samaki kwa maji yake.

Vifaranga vya tilapia nilivileta mwenyewe kutoka Mulekera, kule Beni, kwa pikipiki, nimepakata mifuko ya plastiki iliyojaa maji na hewa. Hakuna hata kimoja kilichokufa njiani. Na kwa kuwa kijitoni watu wanafua na kuosha pikipiki, nilitandaza bomba kutoka juu kabisa, kwenye chemchemi, likateremka moja kwa moja hadi sakafu ya bwawa. Maji safi kuliko wanayokunywa watu wengi. Kila mgeni aliyefika nilimwonyesha bomba lile.

Wiki ya pili, asubuhi, samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakitafuta hewa. Wachache walielea kwa ubavu. Nilipunguza chakula, hawakushuka.

Préfet, yaani mkuu wa shule, aliyeletwa kwetu kutoka Kasai, alisimama ukingoni, mikono nyuma.

"Monsieur le diplômé, samaki yako iko inasali?"

"Hapana, Préfet. Inazoea tu maji."

"Donc, izoee mbio. Samedi nikikuta inakufa, tunajaza udongo, tunapanda choux, kabichi."

Siku hiyo wanafunzi walikuwa na kazi ya kupindua mawe ya kijito, kuanzia juu hadi chini, na kuandika walichokuta. Msichana mmoja aliyetoka kijiji cha Luofu, mwenye mwandiko mbaya kuliko wote, alileta daftari lenye ukurasa wa kwanza mtupu.

"Mbona hukuandika ya kwenye chemchemi?"

"Prof, kule hapana kitu. Nilipindua mawe yote."

"Ulipindua vibaya."

"Basi twende na weye, upindue vizuri."

Wenzake wakacheka. Tukaenda. Nilipindua mawe mpaka vidole vikafa ganzi: hakuna kaa, hakuna mdudu. Wadudu walianzia chini kidogo, pale maji yanapoanguka juu ya miamba na kutoa povu. Visamaki vya kijito vilikuwa chini zaidi, kabla ya mahali pa kufulia.

"Samaki ya huku haina diplôme," mmoja akasema nyuma yangu, "lakini inajua pa kukaa."

Jambo lile nililisoma, na katika mtihani wake nilipata alama nzuri: maji yanayotoka ardhini yana hewa kidogo mno, huipata yakipigwapigwa na mawe njiani. Mimi nilikuwa nimeyafungia ndani ya bomba tangu yanapozaliwa.

Mwingine angemtuma mtu usiku akalitoe. Mimi nilichukua panga, nikalikata mbele ya darasa zima. Tukachimba mfereji kutoka chini ya miamba ile, na pale maji yanapoingia bwawani tukapanga mawe kama ngazi, yaanguke na kurukaruka. Msichana wa Luofu ndiye aliyepanga. Mimi nilibeba.

Jumamosi préfet alikuja na wafanyakazi wawili wenye majembe. Akatazama maji. Hapakuwa na mdomo hata mmoja juu.

"Donc, imekwisha kufa yote."

"Hapana, Préfet," msichana akasema, akarusha konzi ya kumbikumbi.

Samaki wakavirukia, maji yakachafuka ukingo hadi ukingo. Préfet alirudi nyuma kuokoa viatu vyake, kisha akanyoosha kiganja.

"Lete na mimi."

Akarusha mara tatu. Wafanyakazi waliweka majembe chini wakasogea kutazama.