Shimo Lililoitwa kwa Jina Langu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua mahali kwa sababu palikuwa pazuri. Palikuwa tambarare, pasipo miiba, na mawe meupe yamejipanga kama meno. Nilikuwa mtoto mdogo, na hata wakati ule sikuweza kuvumilia kitu kilichokaa upande.

Nimelikumbuka wiki hii, rafiki yangu, kwa sababu binamu yangu amenitumia picha kwenye simu. Vijana wamesimama katika machimbo ya zamani ya jasi, nje ya mji wetu mdogo kaskazini mwa Garissa, wakipitisha mashine ya kutafutia dhahabu juu ya ardhi. Nimeikuza picha ile mpaka ikapoteza sura. Wamesimama pale pale.

Wazungu walichimba jasi pale kabla sijazaliwa, wakaondoka, wakaacha mashimo na toroli lenye kutu. Miaka ya tisini, ukame ulipomaliza mifugo, watu wakaanza kusema kwamba jasi ilikuwa kisingizio tu, walichotafuta ni dhahabu. Jirani yetu alikuwa mpishi wa Wazungu wale. Aliapa kwamba mchana walipakia mawe, na jioni walipakia visanduku vidogo vilivyowashinda wanaume wawili kuvibeba. Kila alipoulizwa ndani mlikuwa na nini, aliomba chai nyingine.

Abti, kaka ya mama, alimwamini. Tulikuwa tumebakiwa na ngamia mmoja, jike la ayeeyo, bibi yangu. Maziwa yake ndiyo yaliyotulisha. Asubuhi ayeeyo alifukiza kibuyu kwa kijinga cha mti wa mgunga, na chai yetu ikabeba moshi ule. Nikila canjeero leo, ule mkate wetu mwembamba wa kula na chai, huitafuta ile harufu, nakasirika bure. Abti alimwomba ngamia yule ili amuuze, anunue sururu, kamba na chakula cha wachimbaji. Aliahidi kumrudishia wawili. Ayeeyo aliiacha chai yake ipoe, kisha akaenda kumvua ngamia kengele yake ya mti shingoni.

"Mchukue," alisema. "Kengele siuzi."

Kwetu, anayevunja ardhi kwanza ndiye mwenye kisima. Kisima huitwa kwa jina lake, na hakuna anayekigusa bila ruhusa yake. Wachimbaji, kwa kuwa hawakuaminiana hata kidogo, waliifuata desturi hiyo kwa dhahabu pia. Wakakubaliana ardhi ivunjwe na mtoto, ambaye hangekuwa na nguvu za kumdhulumu mtu. Wakanichagua mimi.

"Waryaa, kijana, piga popote moyo unapotaka," abti aliniambia.

Nilizunguka mpaka wanaume wakachoka kusubiri. Mmoja aliuliza kama natafuta dhahabu au mchumba. Mwishowe nikapiga pale palipokuwa pazuri.

Wakachimba, nami nikateseka. Kuta zilienda upande, udongo ulimwagwa ovyo, na kila uvumi mpya uliwahamisha kona nyingine ya shimo. Nilipowaambia wanyooshe, walinituma chai. Chai yenyewe sasa ilikuwa ya rangi, haina maziwa. Ayeeyo aliinywa hivyo hivyo.

Kisha udongo ukalowa. Chini mlikuwa na maji, tena ya chumvi, ambayo mbuzi waliyafurahia na watu waliyanywa wakikunja uso. Wachimbaji walimtukana mpishi, wakakusanya sururu zao na kuondoka. Abti alibaki ukingoni, amejifunika uso kwa shuka. Ayeeyo alikuja, akaonja maji, akatema. Akatoa ile kengele na kuifunga kwenye kamba ya ndoo.

"Ngamia wangu ameingia humu," alimwambia mwanawe. "Basi nitamsikia."

Tangu siku hiyo, kila aliyechota maji aliiliza kengele ile. Watu walikuja na mbuzi wao, wakinitania, wakiniomba ruhusa mimi, mwenye kisima ambaye hata ndoo hakuweza kuivuta. Nilitamani ayeeyo afoke. Hakufoka. Na ngamia hakurudi. Mpaka leo najiuliza kama hatua chache kando, kwenye miiba, palikuwa na kitu. Najua ni upuuzi. Najiuliza tu.

Mvua za El Nino zilipokuja, kuta zile zilizopinda ziliporomoka na kufukia kisima, kamba, ndoo na kengele. Abti alikwenda kambi ya wakimbizi ya Ifo kuuza katika duka la mtu. Ayeeyo alikunywa chai ya rangi mpaka alipofariki; alisema ameizoea.

Mashine ya wale vijana hutafuta madini. Haitaisikia kengele ya mti. Nilimpigia binamu yangu simu, nikamuuliza kama vijana waliuliza shimo lile ni la nani.

"Shimo gani, wewe?" alicheka. "Hapo ni kiwanja tu."

Zamani hakuna aliyegusa shimo la mtu bila kumwita mwenyewe. Mwaka huu hawakuniita.