Majina ya Mama Kaburini

Kwetu, kando ya ziwa kule Kivu ya Kusini, mtu hafukiwi kimya. Kabla ya udongo, mzee huita jina lake, la mama yake, la bibi yake, akirudi nyuma kadiri anavyojua, na kwa kila jina watu huitikia: "Yuko!" Hapa Rubondo, kambini kwa wakimbizi, koo zimetawanyika, kwa hiyo baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, huwaitia wote, hata wageni aliowajua jana.

Jumapili moja kanisa letu liliadhimisha kukomeshwa kwa utumwa. Nilifunga kibanda changu cha ushonaji huko mjini Kakoba, nikaja kuketi na mama. Baba mkubwa alilia madhabahuni akisimulia mababu waliofungwa kamba shingoni wakasukumwa hadi ziwani. "Batu bote ni sawa! Hakuna mutu wa kuuzisha!" Tukasimama, tukaapa kwamba rangi wala kabila havitamshusha mtu tena. Mama alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamdondoka. Niliona aibu kidogo. Leo vigelegele vile navitamani kuliko chakula.

Wiki chache baadaye alifia hospitalini Ruharo, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Tukamleta nyumbani Rubondo.

Jeneza lilipokwisha kushushwa, nikasubiri. Baba mkubwa akashika koleo.

"Baba mukubwa, na majina?"

"Tumuimbie tu, mwanangu. Bababu betu balinunuaka bibi yake na chumvi. Sasa niite ukoo gani?"

Alisema taratibu, bila ubaya, kama anayenikumbusha kwamba mvua inakuja. Hilo ndilo lililonichoma. Kumbe ndiyo maana mama alikula wa mwisho kila sherehe, nami nikidhani ni upole wake. Kweli, nyani haoni kundule.

Nikaita mwenyewe. Jina la mama. "Yuko!" wakaitikia wanawake. Jina la mama yake. "Yuko!" Kisha nikamfikia yule msichana wa chumvi, nikakwama. Jina nililolijua lilikuwa la kwao waliomnunua. La kwake hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Na bibi yetu tuliyemnunua," nikasema.

Baba mkubwa alitazama viatu vyake. Nilingoja, kisha nikaitikia peke yangu: "Yuko."