Mbwa Ana Jina

Fundi Chaki hakuitaka hiyo safari tangu mwanzo. Mtu kashona nguo za watu mpaka mgongo umepinda, leo mwanawe dereva kapata likizo, kaazima gari, anamwambia, "Mama, twende tukaone mambo ya kale." Ya kale! Kwani yeye ni wa juzi?

Basi wakazunguka. Ngome wakaiona, mawe matupu. Makaburi ya wakubwa wakayaona, kila moja na sifa zake. Na kila wakishuka, kabla hata hawajatazama kitu, mkwe wake, mke wa huyo dereva, anatoa simu: "Mama, simama hapo nikupige picha, cheka kidogo." Fundi Chaki anageuza uso. Picha ya pekee ya mamake iliteketea nyumba ilipoungua, na tangu siku hiyo hana hamu na picha. Sura ya mama ilikuwa imeanza kumpotea. Hilo lilimuuma kuliko mgongo, ila hakuwahi kumwambia mtu.

Mchana wakafika kwenye jumba la gavana wa zamani. Hapo alishuka wa kwanza, maana ndimo mamake alimopiga pasi ujana wake wote.

Ukumbini kulikuwa na picha kubwa. Bwana kakaa, bibi kakaa, jibwa limejilaza miguuni pao. Nyuma kasimama mwanamke na shuka zilizokunjwa, mkononi kovu la pasi. Fundi Chaki akaisogelea.

"Mama yangu huyo," akasema. "Jamani, ni mama!"

Chini ya picha palikuwa na kibao cheusi. Mkwe akakisoma: "Gavana na mkewe, pamoja na mbwa wao mpendwa, Bruno, na mtumishi."

"Hebu soma tena."

Akasoma tena, safari hii polepole.

"Mbwa ana jina?"

"Ndiyo, mama."

"Na mama yangu je?"

Kijana anayetembeza wageni akasogea. "Bibi, watumishi walikuwa wengi. Majina yao hayakuhifadhiwa."

"La mbwa kalihifadhi nani? Alikwenda kujiandikisha mwenyewe?"

Wageni wengine wakageuka. Mwanawe akamshika mkono, akanong'ona, "Mama, hasira hasara."

"Hasara nilishaila, mwanangu! Bibi yako kavuta moshi wa mkaa humu mpaka kifua kikamuua, ili hawa wavae nguo zilizonyooka. Leo naambiwa mtumishi! Jibwa lililokula na kulala ndilo lenye jina! Haya ndiyo mliyonileta kuyaona?"

Akapekua mkoba, akatoa chaki yake ya kukatia nguo. Pale kwenye kibao, baada ya neno mtumishi, akaandika kwa herufi nene jina ambalo mtaa mzima ulimwita mamake: MAMA PASI.

Mlinzi akaja mbio. "We mama! Hairuhusiwi! Futa hiyo!"

Fundi Chaki akavua kitambaa chake cha kichwani, akamtia mkononi. "Futa wewe. Mimi mwanawe, siwezi."

Mlinzi akaitazama picha, akamtazama yeye. Paji la uso lilikuwa lile lile. Akabaki na kitambaa cha watu mkononi, hajui akipeleke wapi.

Fundi Chaki akasimama chini ya picha, upande wa mamake, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Haya mkwe, simu iko wapi? Nipige sasa. Na huyo mbwa usimtie."