Kikapu Kilichorudi Kitupu

Nakumbuka, mwanangu, kikapu kimoja kilichoondoka kwangu kitupu, na hata leo sijakisahau. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami ni bibi harusi mpya hapa Mwanda. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli kule Voi, akipanda huku milimani mara moja kwa mwezi. Nilikuwa na jembe moja na kishamba kilichojaa mawe.

Aliyeninusuru ni jirani yangu Mama Wakesho, mjane mwenye mbuzi sita na mdomo usiotulia. Alinionyesha rundo la samadi nyuma ya zizi lake. "Zoa, Mghoi. Hawa mbuzi wanakula bure, na wanatoa bure." Kisha akanikatia marando, yale mashina ya kupanda, ya viazi vitamu, vile vyekundu vya ganda jembamba, ambavyo mama mkwe wake alimpa alipoolewa. "Mimi nilipewa. Na wewe utagawa," akasema, basi.

Nilibeba samadi mgongoni wiki nzima. Nilinuka mbuzi hata kanisani, watu wakanipisha kwenye benchi! Nikapanda bondeni, kando ya kijito, na viazi vikashika hadi marando yakafunika njia.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Mashamba ya juu yote yalikauka, bonde langu tu likabaki kijani. Asubuhi moja Mama Wakesho akateremka na kikapu kimejaa samadi. Akaimwaga kwenye shina la mgomba wangu, akakikung'uta kikapu, ndipo akasema, "Nikatie marando kidogo, yangu yamekwisha yote. Nitayamwagilia kwa mtungi mpaka mvua ije."

Mwanangu, sijui ni shetani gani aliyenikalia ulimini. Nilikuwa nimepania kupanua shamba, nikaona kila rando ni langu. Nikamwambia, "Bado ni machanga, Mama. Rudi mvua zikinyesha." Naye alikuwa ameyakanyaga, marefu, yamemzunguka miguu. Aliyatazama, akanitazama. "Haya, mwanangu," akasema, akapanda mlima na kikapu chake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Yangu ilioza. Mvua zilipokuja zilikuja kwa hasira, kijito kikafurika, kikazoa viazi, marando na samadi pamoja. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba japo rando moja la vile vyekundu. Jibu lilikuwa moja kila mlango: "Sisi tulikuwa tunategemea yako." Mwisho nikaenda kwa Mama Wakesho, kichwa nimeinamisha. Hakunifokea, afadhali angenifokea. "Ungenipa siku ile," akasema, "leo ningekukatia." Kisha akanipa marando ya viazi vyeupe aliyoletewa na nduguye kutoka Taveta, na samadi juu yake.

Miaka miwili baadaye aliugua, akawa hainuki kitandani. Nikamuuliza anatamani nini. "Kiazi chekundu," akasema, akacheka kidogo. Nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikamchemshia cheupe. Alionja, akakiweka kando. Wiki ile ile tulimzika. Nami nimezeeka nikikitafuta kiazi kile, hata masokoni Taveta na Mboghoni, na sijakiona tena.

Basi sikia. Kutoa ni moyo, si utajiri, na mbegu hasa haina mwenyewe. Nilidhani nikimkatia jirani nitapungukiwa, kumbe shamba lake ndilo lingekuwa ghala langu. Ukipewa samadi, zoa bila aibu. Ukiombwa rando, kata siku hiyo hiyo, usimwambie mtu angoje mvua, maana hujui mvua itakuja na nini. Mungu aibariki mikono yako, akunyeshee kwa kiasi, na yeyote atakayekujia na kikapu asipande mlima nacho kitupu, kama nilivyomrudisha mimi Mama Wakesho.