Nilimbebesha Nesi Kifo cha Doto Wangu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usihangaike kutafuta wa kumlaumu, maana mimi nilishamtafuta na nikampata, na ndiyo sababu naandika.

Nilikuwa na mimba ya mapacha. Tunaishi Buswelu, mume wangu ni dereva wa lori, mara nyingi yuko safarini. Kliniki ya mwisho daktari alinipima kwa utrasaundi, akanieleza taratibu kabisa.

"Wa kwanza ametanguliza kichwa, huyo anaweza kuja kawaida. Wa pili amelala mlalo. Mwenzake akishatoka anaweza kugeuka, au tukamgeuza. Akigoma, tunakupasua hapohapo. Kwa hiyo uchungu ukianza tu, njoo hapa hospitali, usipite kwingine."

Mimi nilisikia neno moja tu: kupasua.

Kwenye kwaya yetu kuna akina mama wanapenda kusema aliyepasuliwa hajazaa, kazalishwa. Nilikuwa nacheka nao. Sasa wanicheke mimi? Mume wangu alipopiga simu kuuliza daktari kasemaje, nikamjibu, "Kasema nitazaa kawaida." Basi, akafurahi.

Uchungu ulinianza asubuhi nikiwa nafua. Sikumwambia mtu. Nilimaliza kufua, nikaanika, nikapika uji nikanywa. Nilitaka uchungu ukolee, ili nitakapofika wasiwe na muda wa kunipasua. Nilipoona siwezi tena kusimama, nikaita bajaji, nikamwambia dereva anipeleke zahanati ya karibu, ambako hawapasui.

Nesi alikuwa peke yake. Aliponishika tumbo akashtuka.

"Dada, mapacha hatuzalishi hapa. Hatuna chumba cha upasuaji. Kliniki walikwambiaje?"

"Walisema wote wamekaa vizuri."

Alinipima, akakuta kichwa cha Kulwa, yule wa kwanza, kiko njiani. Akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, kisha akavaa glavu. Kulwa akatoka, akalia. Nilifurahi, nikajiona nimeshinda.

Halafu kwa Doto ukatangulia mkono. Mkono mdogo tu, bila mtoto.

Nesi akasema, "Usisukume, dada yangu. Nakuomba usisukume."

Gari lilipofika alipanda na mimi, Kulwa kamfunika kwa kanga yake mwenyewe. Hospitali walinipasua. Doto walimtoa akiwa amekufa.

Sikulia. Watu wa kwetu walisema nina moyo mgumu. Nilikuwa kama naangalia mtu mwingine kalazwa pale. Mpaka leo niko hivyohivyo.

Mume wangu alifika, akawa anauliza nani kamuulia mwanae. Wakaja watu wa halmashauri kunihoji. Mume wangu kakaa ukingoni mwa kitanda, ananitazama. Nikasema, "Nilifika mapema. Nilimwomba nesi aniitie gari, akaniambia nisubiri." Maneno yalitoka kirahisi, kama mtu anayetaja jina lake.

Nesi akasimamishwa kazi. Mume wangu alikwenda zahanati akamtukana mbele ya wagonjwa. Nilipoambiwa, niligeukia ukutani nikaendelea kunyonyesha.

Kwetu Usukumani mtoto akiitwa Kulwa, lazima mtu aulize Doto yuko wapi. Wananiuliza kanisani, wananiuliza dukani. Nawajibu "hayupo", naendelea na shughuli zangu.

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni Igoma kumnunulia Kulwa viatu, maana ameanza kutembea. Aliyekuwa anauza mitumba ya watoto alikuwa yule nesi. Nilitaka kugeuka, lakini alishaniona. Hakunisema vibaya. Alimtazama Kulwa, akasema, "Amekua. Na kidonda chako kilipona vizuri?"

Nikasema kilipona.

Akachagua viatu, akapiga magoti akamvalisha mwenyewe. Nikalipa, nikaondoka. Hata samahani sikuitoa.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu yote, kuanzia maneno ya daktari. Akasema, "Nilimwita muuaji. Mbele ya watu." Akatoka nje. Tangu siku hiyo analala sebuleni, na tunaongea mambo ya mtoto tu.

Nilikwenda halmashauri nikayakanusha maneno yangu. Wakasema watalifuatilia. Sijui kama yule dada atarudishwa kazini. Nilirudi Igoma kumwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekusikia," akamgeukia mteja. Sikustahili zaidi ya hapo.

Wewe mwenye mapacha tumboni, siandiki kukutisha. Wengine wanajifungua kawaida wote wawili, wanarudi nyumbani salama. Lakini daktari akikwambia huenda ukapasuliwa, muulize maswali yako yote palepale, hata la aibu. Siku ikifika nenda alikokwambia, nenda mapema. Na ukirudi nyumbani mweleze mwenzio kila alichosema daktari, hasa kile ambacho hukutaka kukisikia.