Ndege za Ameir na Udi wa Johari

Shemeji yangu Ameir ana ndege nyingi kuliko baadhi ya nchi ninazozijua, ila zake haziruki. Ni ndege za mfano, za plastiki na za mbao, nyingine ndogo kama kidole, nyingine ndefu kama mkono wa mtu mzima, na zimepangwa kwenye makabati ya vioo sebuleni kwake Annandale, huku Marekani. Mimi ni mdogo wake Johari, mkewe, kwa hiyo utani baina yangu na shemeji ni haki yangu. Zamani nilikuwa namtania mpaka anatoka machozi kwa kucheka. Siku hizi namsalimia tu, basi.

Ndege iliyoanzisha yote ilikuwa ya marehemu baba yake. Mzee alikuwa karani wa shirika la ndege la Afrika Mashariki pale Unguja, na shirika lilipokufa kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Kuna waliobeba viti, kuna waliobeba mashine za chapa. Mzee alibeba ile ndege nyeupe ya maonyesho iliyokuwa dirishani, akaifunga kwenye kanga ya mkewe na kuipeleka nyumbani. Ilikaa juu ya kabati la vyombo utoto wote wa Ameir. Mzee alipofariki, Ameir alikuwa Marekani bila makaratasi, hakuweza kwenda kumzika babake. Alicholetewa ni ndege.

Kwa hiyo naelewa. Mtu asije akadhani sielewi.

Alifanya kazi uwanja wa ndege wa kule Virginia miaka mingi, akisafisha ndani ya ndege za kweli: kuokota mabaki ya chakula, kukunja mablanketi, kufuta matapishi ya watoto wa watu. Akirudi nyumbani alinawa, akavaa glavu nyeupe, akakaa na ndege zake. Alizinunua moja moja, mitumba, kwa watu wanaozikusanya kama yeye. Na kadiri zilivyoongezeka ndivyo hofu yake ilivyoongezeka, hofu yenyewe ikiwa moja tu: zisije zikageuka manjano.

Alitufundisha sote, tutake tusitake, kwamba weupe una maadui. Jua ni adui, kwa hiyo madirisha ya sebule yakabandikwa karatasi ya kuzuia miale na mapazia yakafungwa mchana kutwa. Unyevu ni adui, kwa hiyo kila mmoja wetu akinunua viatu alitakiwa ampelekee Ameir kile kifuko kidogo cha chembechembe kinachokaa ndani ya boksi. Mafuta ya jikoni ni adui. Dada yangu alikaangia samaki uani, amevaa koti la baridi na ushungi, majirani wakimwangalia. Tulicheka sana siku zile. Johari naye alicheka, akasema afadhali ndege kuliko mwanamke mwingine.

Halafu ikafika zamu ya udi.

Dada yangu hanunui udi wa dukani. Anaupika mwenyewe kama alivyotufundisha mama: sandali, sukari, marashi, na vitu vingine ambavyo hata mimi nduguye wa tumbo moja sijui vipimo vyake. Kila Alhamisi jioni alikuwa akiweka kaa kwenye chetezo, anatia udi, anazunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, kisha anafukiza nguo za Ijumaa. Aliyeingia mle ndani alijua kafika kwa watu. Ameir akasema moshi unaingia kwenye rangi na hautoki tena. Chetezo kikahamishiwa gereji, baadaye kikatiwa kwenye boksi. Johari hakugomba. Aliniambia jambo moja tu: "Mwache na ndege zake. Siku ya Zainab atalegea."

Zainab ni binti yao, wa pekee. Tangu akiwa mdogo, Johari aliongea juu ya siku moja: siku atakayomsinga mwanawe, ampake manukato mwili mzima, amkalishe kigodani, amfunike kanga, chetezo kiwe chini yake, na atoke nyumbani kwao ananukia udi wa bibi yake. Mama alitufanyia sisi hivyo. Kwa watu wetu biharusi hatoki kwa watu baki, anatoka kwao, na anapotoka nyumba nzima inanukia. Dada yangu hakuomba dhahabu wala ukumbi. Aliomba hilo.

Zainab akaposwa na Ziyad, kijana wa Kimombasa, mpole. Harusi ilipokaribia Johari akatoa chetezo gereji, akakipangusa, akakiweka mezani mbele ya mumewe. Nilikuwepo.

"Haiwezekani," Ameir alisema.

"Siku moja tu, Baba Zainab."

"Siku moja inatosha kuharibu. Nshakwambia, moshi hauna breki."

Nikaingilia. "Shemeji, tutafunika makabati kwa mashuka. Tutafungua madirisha."

"Ukifungua madirisha linaingia jua."

"Basi tuzihamishe!"

"Zihamishwe ziende wapi? Mnazijua nyie zinavyobebwa?"

Zainab alikuwa kasimama kwenye ngazi. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote, lakini ulimi wake ni wa hapa hapa. "It's fine, Mama," alisema. "Tutafanya kwa Mama Mdogo. Seriously, I don't mind."

Alikuwa anaona uchungu. Mama yake naye. Ameir hakuona, au aliona akajifanya hamnazo, na mpaka leo sijui lipi ni baya zaidi.

Basi tukamsingia Zainab kwangu, Riverdale Park, kwenye fleti ya vyumba viwili. Chetezo hakijachanganya hata kidogo, king'ora cha moshi kikalia. Wanawake watu wazima wakapanda juu ya viti wakipepea dari kwa kanga, wengine wakipiga vigelegele ili kuzima ule mlio, jirani anagonga ukuta. Biharusi kigodani anacheka huku amelowa jasho. Johari alicheka pia. Kisha akaingia chooni akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu kuliko haja inavyotaka.

Tulipomaliza, nikawaendesha Johari na Zainab hadi Annandale, maana sanduku la Zainab lilikuwa bado liko kwao. Mtoto kapambwa, hina mpaka kwenye viwiko, ananukia vile ambavyo mama yake aliota. Akapanda ngazi ya mlangoni, akabonyeza kengele. Ameir akafungua, amevaa kanzu mpya ya harusi. Akamtazama binti yake, uso ukamng'aa kwa furaha kabisa, hilo nalishuhudia. Halafu ile harufu ikamfikia.

Akarudi nyuma hatua, akaushika mlango.

"Ngoja hapo hapo mwanangu," akasema. "Nguo zimeshika moshi. Nakuletea mimi."

Akamletea sanduku mlangoni. Zainab alisimama nje ya nyumba aliyokulia, kwenye nguo zake za harusi, kama mtu aliyeleta chakula cha kuagiza. Alipokea sanduku. Akasema, "Thank you, Baba." Ndani ya gari Johari aliyekuwa pembeni yake alikuwa amemshika mkono, kidole gumba kikipita pita juu ya hina.

Tangu siku ile Zainab hakuingia tena nyumba ile. Hakununa, hakumnunia mtu. Alipiga simu kila wiki, akamuuliza babake hali, akakutana nao mikahawani, akawaalika kwake Fairfax. Akialikwa yeye, kazi ilikuwa nyingi.

Ile ndege ya mzee, Ameir alikuwa ameiweka kwenye boksi tangu juma la harusi, kaifunga na mifuko ya plastiki, ndani ya kabati la giza, isipate hata upepo wa wageni. Ilikaa humo mwaka mzima. Siku alipoitoa, ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara.

Akaita jina la dada yangu kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia. "Umefukiza humu ndani!"

Johari akaapa. Ameir hakuamini. Alinusa mapazia, alinusa mito, alifungua kabati la nguo akanusa mabuibui ya mkewe moja moja. Johari alinipigia simu akinisimulia, na nilifika nikamkuta shemeji bado ananusa. Sijawahi kuwa na hasira na mtu kama siku ile. Nikamwambia alete mtaalamu, alete polisi, alete amtakaye, aitafute hiyo harufu.

Akamleta Kipchumba. Ni Mkenya wa Eldoret, mkusanyaji mwenzake wa Fairfax, na ndege zenye kasoro huzitengeneza mwenyewe. Alikuja na mkoba wa brashi na pamba. Johari akamwandalia chai, kisha akabaki amesimama, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri kusomewa kesi.

Kipchumba akaigeuza ndege taratibu. Akachovya pamba kwenye maji ya sabuni, akapitisha chini ya bawa, akapitisha tena. Pamba ikarudi nyeupe.

"Mzee, hapa hakuna smoke," alisema.

"Tazama vizuri."

"Nime-check poa. Moshi hukaa juu, ungeona hii pamba imekuwa brown. Hii njano imetoka ndani. Hii ni rangi ya mafuta, Mzee, ya zamani. Ukiifungia kwa giza inajigeuza yenyewe. Jua kali ni mbaya, sawa, lakini giza nalo ni mbaya. Inataka mwanga kiasi na hewa. Hizi curtain hufunguliwa lini?"



Ndipo Johari akauliza, kwa heshima kabisa, kama anamuuliza daktari: "Na kama siku ile tungefukiza humu, mwanangu? Udi, mchana mmoja?"

"Incense? Ah, Mama, ungeniita tu. Nakuja na kitambaa na maji, nafuta, tunakunywa chai kama hivi."

Dada yangu akaitikia kwa kichwa. Akakusanya vikombe, na cha Ameir kilichokuwa bado kimejaa, akaenda navyo jikoni. Nilitamani apige kelele. Nilitamani avunje hata sahani moja. Nilichosikia ni maji ya bomba.

Kuanzia hapo Ameir akawa anafungua mapazia. Alizitoa ndege kwenye giza, akaiweka ile ya baba yake mahali penye mwanga. Kipchumba alikuwa amemwambia huenda weupe ukarudi kidogo kidogo, na kweli ulianza kurudi. Zainab alikuwa kajifungua mtoto wa kiume, na siku ya arobaini ikawa inasogea, siku mama na mtoto wanapofukizwa na kutolewa nje. Ameir akanipigia simu mimi, wala si mkewe. "Shemeji," alisema, "waambie waje wafanyie hapa. Wafukize mpaka ukuta uwe mweusi." Nilimfikishia Zainab. Akanijibu kwamba kila kitu kishapangwa kwa mama mkwe.

Siku yenyewe, baada ya shughuli kwa mama mkwe, nikawapitisha Annandale ili Johari achukue mkoba wake, maana alikuwa anakwenda kukaa kwa binti yake kumsaidia kulea mtoto. Hakusema atarudi lini, na mimi sikumuuliza. Aliingia ndani. Zainab akapanda ile ngazi na mtoto mikononi. Ameir alikuwa keshaufungua mlango wote, nyuma yake sebule ina mwanga ambao sijapata kuuona mle.

"Karibuni ndani," alisema. "Ingieni, ingieni."

"No, Baba, it's okay," Zainab alisema, kwa upole, bila kebehi hata chembe. "Tumefukizwa, mimi na mtoto. Tutangoja hapa hapa."

 Ameir akatoka yeye nje. Akainama, akaweka pua juu ya utosi wa mjukuu wake, akabaki hapo.

"Nani kaupika udi huu?" akauliza.

Johari alikuwa anatoka na mkoba wake, akapita kati yao, akampokea mtoto.

"Mimi," alisema. "Jikoni kwa watu."