Wazee Wawili wa Jina Moja

Shule niliishia darasa la nane. Naandika polepole, naongea polepole zaidi, na ndiyo maana nilipenda kompyuta: inakungoja umalize. Nilijifunza katika saiba moja, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, mjini Kitale, mpaka mhandisi mmoja wa programu akaniajiri. Nilimwita madam. Alijenga hifadhidata, yaani orodha ndefu zinazokaa ndani ya kompyuta, na zana ambazo waandishi wengine wa programu huzitumia.

Zana ya kwanza aliyonipa niandike ilikuwa ya kusafisha orodha. Kazi yake ni kumtafuta mtu aliyeandikwa mara mbili na kumfanya mmoja. Jina moja, kijiji kimoja, tarehe moja ya kuzaliwa: huyo ni mtu mmoja.

Nilipofika hapo vidole vilisita. Kwetu Bungoma mtoto hupewa jina la babu aliyekufa, na boma moja linaweza kuwa na wajukuu watatu wa jina hilo. Wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa, kwa hiyo karani huwaandikia tarehe mosi Januari ya mwaka wa kukisia, foleni isonge. Haya yote niliyajua.

"Kuna shida?" madam aliuliza.

"Hakuna, madam."

Niliogopa kuonekana mshamba.

Mvua za kwanza ziliponyesha, ushirika mmoja wa wakulima karibu na Bungoma ulisafisha orodha yake kwa zana ile kabla ya kugawa mbolea. Nilitumwa kwenda kuangalia inavyofanya kazi. Nikaketi nyuma ya karani, kompyuta mapajani.

Mzee mmoja alifika na baiskeli, kamba za kufungia magunia ziko tayari.

"Mzee, wewe umeshachukua asubuhi," karani akamwambia.

"Mimi? Asubuhi nilikuwa nalima."

"Jina lako hili hapa. Limewekewa alama."

"Huyo ni ndugu yangu! Wa nyumba ndogo, mke wa pili wa baba."

"Kwenye orodha mko mmoja tu."

Mtu kwenye foleni akapaza sauti, "Huyu mzee anataka kupanda mara mbili, bana!" Wakacheka. Mwingine akaongeza, "Ati ndugu! Si angeleta na kivuli chake pia kichukue?"

Mzee alizikunja kamba zake taratibu, akasukuma baiskeli kuelekea barabarani. Mimi nilikuwa nikitazama kioo cha kompyuta kana kwamba kuna kitu nasoma.

Nilimfikia kwenye mtaro.

"Mzee, ni mimi."

"Ni wewe nini, kijana?"

"Ni mimi niliwaunganisha. Mashine ilidhani ni mtu mmoja."

"Huyo tumezika baba pamoja, tukagawana shamba. Unatuunganishaje?" Akaelekeza kidole kwenye foleni. "Basi rudi uwaambie hao waliocheka. Uwaambie kwa sauti, kama walivyocheka."

Nilirudi. Foleni yote ilikuwa bado pale. Nikasimama mbele yao, nikafungua mdomo, kisha nikainama na kumnong'oneza karani sikioni. Alirekebisha orodha, akaahidi kupeleka mbolea. Ilifika siku ya tatu, mzee alipokuwa ameshapanda bila hiyo. Waliocheka hawakuambiwa chochote.

Niliporudi Kitale nilimweleza madam yote, hata ile "hakuna" yangu. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Nilichukua wiki mbili kuiandika zana upya. Sasa haimuunganishi mtu na mwingine. Inawaonyesha wote wawili, inauliza, na kungoja mtu anayewajua ajibu. Wanaoitumia hulalamika kwamba inawachelewesha.

Msimu uliofuata nilikwenda tena kwenye ushirika ule. Majina yote mawili yalikuwa kwenye orodha, moja chini ya jingine. Yule wa nyumba ndogo alikuja mwenyewe, akapiga soga na foleni nzima. Kwa jina la pili alikuja binti, na baiskeli ileile.

"Mzee yuko?" nilimuuliza.

"Yuko nyumbani. Amesema hapa hatakanyaga tena."

Nikamsaidia kufunga magunia.